Masua mbili zilizopanda mlima: Mimi na Toutou, na wale waliozivuta

1. Utangulizi

Sisi watu wa Kisangani tunajua masua. Tumezaliwa karibu na bandari, tumesikia honi usiku, tumeona wasafiri wakilala juu ya mizigo wakingojea siku ya kushuka Kinshasa. Tunajua pia kwamba masua haipiti Boyoma. Yale maporomoko saba, kutoka Ubundu mpaka mjini, yanakatalia kila chombo. Mugenia na mtumbwi wake anajua mahali pa kupita pale kwake, lakini masua ya chuma inasimama hapa na kunyamaza. Ndiyo sababu, mbele ya vita ya kwanza ya dunia, wakoloni walijenga reli ya kutoka Stanleyville mpaka Ponthierville, ni kusema Kisangani na Ubundu ya leo. Ilimalizika mwaka wa 1906.

Katika kitabu hiki kidogo wenzetu wameandika juu ya ngoma, ndoa na uvuvi. Sisi tumechagua jambo ambalo mwanzoni litaonekana kuwa la wageni: historia ya masua mbili za vita za Uingereza, Mimi na Toutou, ambazo mwaka wa 1915 zilipita kwa nchi kavu, zikapanda milima ya Katanga, zikashuka mto Lualaba na kuingia ziwa Tanganyika.

Siku moja tulikuwa tunaeleza hadithi hii darasani. Tulitaja komanda, tulitaja mizinga, tulitaja tarehe zote vizuri. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: « Mwalimu, masua haina miguu. Sasa nani aliipandisha mlima? » Darasa likacheka. Sisi hatukucheka sana, sababu tuliona kwamba katika somo letu lote hatukuwa tumesema jambo hilo. Maandishi haya ni jibu kwa mtoto yule.

2. Vita inafika ziwani

Vita ilipoanza Ulaya mwezi wa nane 1914, Wabelgiji wa Kongo walifikiri labda itabaki kule kwao. Haikubaki. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika kulikuwa na Afrika ya Mashariki ya Wajerumani. Tarehe 15 mwezi wa nane, Wajerumani walivunja mitumbwi kwenye kijiji cha Mokolobu, upande wa Uvira, na kukata waya ya simu. Tarehe 22, masua yao Hedwig von Wissmann ilikuja mpaka Lukuga, pale ambapo leo ni Kalemie, na kupiga mizinga juu ya masua ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Ikaharibika vibaya.

Kutoka siku hiyo Wajerumani walikuwa wenyeji wa ziwa. Tanganyika ina urefu wa kilometre karibu 670. Mwenye masua juu ya maji yale anaweza kusafirisha askari na chakula popote anapotaka, kushambulia usiku na kurudi nyumbani asubuhi. Asiye na masua anabaki kulinda pwani tu. Wajerumani walikuwa na Hedwig, kama tani 60, na ndogo yake Kingani. Kisha wakaongeza kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, yenye urefu wa metre 71. Hiyo ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913, ikavunjwa vipande, ikafungwa katika masanduku kama 5.000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli. Kule ikaunganishwa upya, na mwezi wa pili 1915 ikaingia majini.

Wabelgiji nao walikuwa na masua nyingine katika vipande, Baron Dhanis. Lakini ungeijengaje pwani, mbele ya macho ya adui, ikiwa adui anaweza kuja siku yoyote na kuipiga mizinga kabla haijaguswa na maji?

3. Masua za Waingereza na komanda wao

Mwezi wa nne 1915, mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, aliyeijua Afrika ya Kati, alipeleka shauri kwa wakubwa wa majeshi ya maji kule London. Alisema: masua ndogo lakini za mbio sana zingeweza kuwashinda Wajerumani, na kuna njia ya kuzifikisha, kwa reli kutoka Cape Town, halafu kwa barabara, halafu kwa mto. Wakubwa walikubali. Kwao ilikuwa desturi: popote penye maji ya kuelea chombo, jeshi la maji la Mfalme lina kazi.

Walichagua masua mbili za mbao zilizotengenezwa na kampuni ya Thornycroft, kwenye mto Thames. Kila moja ilikuwa na urefu wa metre 12 na upana wa metre mbili na nusu hivi, na mashine mbili za petroli zilizoipa mwendo wa karibu kilometre 35 kwa saa. Mbele waliweka mzinga mdogo, nyuma bunduki ya kutoa risasi mfululizo. Msomaji afikiri vizuri juu ya kipimo hicho: metre 12 ni fupi kuliko baleniere nyingi tunazoziona hapa bandarini. Hata hivyo ziliandikwa HMS, ni kusema « Meli ya Mfalme », sawasawa na meli kubwa za vita za baharini.

Komanda aliitwa Geoffrey Spicer-Simson. Alizaliwa Tasmania mwaka wa 1876 na kuingia jeshi la maji akiwa kijana wa miaka 14. Alikuwa amefanya kazi ya kupima mto Gambia, na alijua Kifaransa. Lakini kazi yake haikuwa imepanda. Mwaka wa 1914 meli moja iliyokuwa chini yake, Niger, ilizamishwa na Wajerumani karibu na pwani ya Uingereza, naye akawekwa ofisini. Alikuwa mtu wa kujisifu sana. Alipenda kuonyesha tatuu za mwilini mwake, na huku Afrika alivaa sketi aliyojishonesha mwenyewe. Majina aliyotaka kuzipa masua yalikuwa Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa. Ndipo akaleta Mimi na Toutou, na wakubwa wakakubali, bila kujua kwamba katika Kifaransa cha watoto wa Paris maana ni ileile.

Hapa kwetu jina Mimi linachekesha kwa namna nyingine. Mtu anayejisifu anasema « mimi, mimi ». Tutaona kwamba jina lilimfaa komanda kuliko masua.

4. Safari ya nchi kavu

Tarehe 15 mwezi wa sita 1915 masua mbili na watu kama 28 waliondoka Uingereza. Mwanzoni mwa mwezi wa saba walikuwa Cape Town. Walipanda gari la moshi, wakapita Rhodesia, na tarehe 26 mwezi wa saba walifika Elisabethville, leo Lubumbashi. Reli ilikuwa inaishia Fungurume. Mpaka hapo kazi ilikuwa ya mashine.

Kutoka Fungurume mpaka Sankisia kulikuwa kilometre karibu 235 bila reli, bila barabara ya kweli. Katikati kuna milima ya Mitumba, na njia ilipanda mpaka metre karibu 1.950. Walikuwa na mashine mbili za moshi za kuvuta, zile za kutembea barabarani, na ng'ombe wengi wa kuvuta. Waliondoka tarehe 18 mwezi wa nane na kufika Sankisia tarehe 28 mwezi wa tisa. Siku arobaini na moja.

Sasa tusimame hapa kidogo, sababu ndipo swali la mwanafunzi wetu linapojibiwa.

Mbele ya mashine kupita, mamia ya wafanyakazi weusi walikuwa wametangulia kukata pori. Waliangusha miti, waling'oa mawe, walijaza mabonde kwa magogo. Walijenga madaraja zaidi ya 150 ya miti juu ya vijito na makorongo. Mengine yalivunjika chini ya uzito wa mashine na kujengwa tena. Mahali pa kupanda sana, mashine haikuweza peke yake: ng'ombe wanafungwa mbele, watu wanashika kamba, masua inapanda hatua kwa hatua. Mahali pa kushuka ni hatari zaidi, sababu mzigo unataka kukimbia. Hapo watu wanashika kamba kutoka nyuma, wanakaza miguu katika vumbi, wanazuia. Kila mmoja wetu aliyesukuma kamio iliyokwama kwenye barabara ya Ubundu au ya Ituri anajua kidogo kazi hiyo ni nini. Lakini sisi tulisukuma saa mbili, halafu tukapanda na kuendelea. Wao walisukuma wiki sita, halafu wakarudi nyumbani kwa miguu.

Kuna jambo moja ambalo sisi tunaliona kuwa kubwa kuliko mapigano yote ya ziwani. Ilikuwa majira ya ukavu. Mashine ya moshi inakunywa maji kama mnyama, na vijito vilikauka. Ilifika mahali mashine zikasimama, bila maji. Hapakuwa na pampu, hapakuwa na gari la maji. Ndipo wanawake wa vijiji vya jirani walipoitwa. Walikuja katika mstari mrefu, kila mmoja na mtungi kichwani, kutoka mbali, wakamwaga maji ndani ya tumbo la mashine. Mashine zikapiga honi na kuendelea.

Wahenga walisema: haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba ilijaza mashine ya vita. Tunaomba msomaji ashike picha hiyo: mama mmoja wa Katanga, pengine na mtoto mgongoni, anamwaga mtungi wake ili masua mbili za Mfalme wa Uingereza zipande mlima, ziende kupigana na masua za Mfalme wa Ujerumani. Wafalme hao wawili walikuwa watoto wa mashangazi na wajomba, wa ukoo mmoja. Mama yule hakuwajua wote wawili.

Kutoka Sankisia reli ndogo iliwapeleka Bukama, na mwanzoni mwa mwezi wa kumi wakaingia Lualaba. Maji yalikuwa machache. Walifunga mapipa matupu chini ya masua ili ziinuke, na bado zilikwama juu ya mchanga mara nyingi. Tena watu waliingia majini kusukuma. Mbele zaidi walipata masua ya mto, Constantin de Burlay, wakapita ziwa Kisale lenye majani marefu, na tarehe 22 mwezi wa kumi wakafika Kabalo. Kutoka hapo reli mpya iliyofunguliwa mwaka huohuo iliwafikisha karibu na ziwa.

5. Mapigano mawili

Kwenye ziwa hapakuwa na bandari. Dhoruba za Tanganyika zingeweza kuvunja masua ndogo kwa usiku mmoja. Basi ilibidi kujenga ukuta wa mawe kwenye mdomo wa mto mdogo Kalemie, jina ambalo mji mzima unalibeba leo. Nani alipasua na kubeba mawe? Tumeshajibu.

Wajerumani walisikia kwamba kuna kazi inayofanyika pwani, lakini walifikiri ni ile Baron Dhanis tu. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, ofisa wao mmoja, Rosenthal, alikuja usiku kupeleleza, akaogelea karibu na pwani, akakamatwa na Wabelgiji. Hivyo Kigoma haikupata habari.

Toutou na Mimi ziliingia majini tarehe 22 na 23 mwezi huo, siku mbili mbele ya Noeli. Tarehe 26, siku ya Mungu, Spicer-Simson alikuwa anaongoza sala wakati Kingani ilipoonekana. Alimaliza sala kwanza, kisha akatoa amri. Mzinga wa Kingani ulikuwa unapiga mbele tu. Masua mbili za mbio zikaizunguka na kuipiga kutoka upande na nyuma. Katika dakika kumi na moja hivi mambo yalikwisha: komanda wake, Junge, aliuawa pamoja na wengine, masua ikavutwa mpaka pwani ikiwa karibu kuzama. Waliitengeneza, wakaiwekea mzinga mkubwa zaidi, wakaipa jina la tatu la kuchekesha, Fifi.

Tarehe 9 mwezi wa pili 1916, Hedwig von Wissmann ilikuja kutafuta ndugu yake. Fifi na Mimi zilitoka kuifukuza. Fifi ilikuwa nzito, na kila mara mzinga wake ulipopiga, masua yenyewe ilipunguza mwendo. Risasi zake nyingi ziliruka mbali. Wainwright, aliyeongoza Mimi, ilibidi arudi karibu na kupiga kelele kwamba mnapiga mbele mno, rekebisheni. Mzinga ukakwama kwa muda wa dakika kama ishirini, na risasi zilikuwa karibu kwisha. Mwishoni moja ikaingia ndani ya Hedwig, ikapata tanuri, na masua ikazama. Bendera yake ilichukuliwa na Waingereza, na kwao ilikuwa jambo la heshima kubwa.

Hiyo ndiyo kazi yote ya vita ya Mimi na Toutou: siku mbili. Ilipotokea Graf von Götzen mwenyewe kupita mbele ya Kalemie, na kila mtu pwani akingojea amri, Spicer-Simson alikataa kutoka. Kisha alikwenda mbali kutafuta masua kubwa zaidi, akachelewa kurudi. Wabelgiji walikasirika sana. Waingereza wakampa nishani hata hivyo, Wabelgiji nao wakampa ya kwao, lakini hakupewa tena kuongoza vita. Alikufa Kanada mwaka wa 1947.

6. Ndege zilizopita hapa kwetu

Kisangani yenyewe inaingia hapa. Ili kuishinda Götzen, Wabelgiji waliomba ndege kwa Waingereza. Walipewa nne, za aina ya Short, zinazotua majini. Njia yao haikuwa ya kusini. Zilikuja katika masanduku kwa bahari mpaka mdomo wa Kongo, kwa reli kutoka Matadi, kwa masua ya mto mpaka Stanleyville. Hapa zikateremshwa, zikavushwa ng'ambo, zikapanda gari la moshi la Ubundu. Kutoka Ubundu masua mpaka Kindu, reli mpaka Kongolo, masua tena mpaka Kabalo, na reli ya mwisho mpaka Tanganyika. Mwanafunzi akihesabu atakuta kwamba kila mahali reli inapokutana na mto, kila sanduku linashushwa na kupandishwa tena. Na kila mara kuna migongo ya watu.

Wazee wetu wa ng'ambo ya kushoto waliona basi masanduku ya ndege za kwanza za vita za Afrika ya Kati, bila kuambiwa kuna nini ndani. Mabawa yaliunganishwa kwenye ziwa dogo Tongwe, na katikati ya 1916 ndege zilitupa mabomu juu ya Kigoma. Rubani mmoja, Aimé Behaeghe, alikufa kwa ugonjwa mwishoni mwa mwaka ule na kuzikwa Niemba.

Wakati ule Wajerumani walikuwa wameshaondoa mzinga mkubwa wa Götzen, ili uende kupigana nchi kavu. Tarehe 26 mwezi wa saba 1916 walipakaza mashine zake mafuta mazito zisishike kutu, wakaizamisha wenyewe karibu na Kigoma. Siku mbili baadaye askari wa Kongo waliingia mji. Waingereza waliinua masua ile mwaka wa 1924, na kutoka 1927 ilifanya kazi tena kwa jina Liemba. Mwaka wa 1997 iliwarudisha wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75.000 kutoka Tanzania. Labda kuna wasomaji wetu waliopanda ile masua bila kujua kwamba zamani ilikuwa adui wa Mimi na Toutou.

7. Kutoka vita mpaka filme

Mwaka wa 1935 mwandishi Mwingereza, C. S. Forester, alitoa kitabu The African Queen, kilichotokana na mambo haya ya ziwa. Katika hadithi yake, Mwingereza mlevi na mwanamke wa misheni wanashuka mto na masua mbovu ili wazamishe masua kubwa ya Wajerumani.

Mwaka wa 1951 John Huston alikuja kupiga filme ya kitabu hicho. Alikuja wapi? Kwetu. Sehemu kubwa ya picha za Afrika zilipigwa kwenye mto Ruiki, karibu na Biondo, upande wa Ubundu. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, nyota wakubwa wa Marekani, walipita Stanleyville na kukaa porini kwetu. Masua ya filme ilizama siku moja ndani ya Ruiki, na wafanyakazi wa pale ndio walioivuta kwa kamba mpaka ikatoka. Mwaka uliofuata Bogart alipata tuzo ya Oscar.

Ni kama historia ilitaka kurudia somo lake. Mwaka wa 1915 watu weusi walivuta masua ya kweli. Mwaka wa 1951 watu weusi walivuta masua ya uongo, iliyokuwa inasimulia ile ya kweli. Mara zote mbili jina la mwenye kushika kamba halikuandikwa.

8. Nani aliandikwa

Tunajua jina la komanda, la daktari wake Hanschell, la Wainwright, la Junge, la Rosenthal. Tunajua jina la kila masua. Vitabu vinakumbuka hata mbuzi aliyekuwa ndani ya Kingani siku ilipokamatwa. Lakini hatuna jina hata moja la wale wanawake wa mitungi. Mbuzi ana ukurasa wake, mama hana.

Tusifikiri kwamba hao walikuwa wachache. Katika vita nzima ya Wabelgiji dhidi ya Wajerumani, kutoka 1914 mpaka 1917, watu kama 260.000 walichukuliwa kuwa wapagazi. Wengi hawakwenda kwa hiari. Chifu aliambiwa lete watu kadhaa, na chifu alileta. Walibeba risasi, mchele na vipande vya mizinga mpaka Tabora, mji uliochukuliwa tarehe 19 mwezi wa tisa 1916. Wengi walikufa njiani kwa kuhara, kwa mapafu, kwa njaa. Askari aliyerudi aliitwa shujaa wa Tabora, na alipewa medali. Mpagazi aliyerudi alipewa kodi ya kulipa.

Waingereza waliandika pia kwamba Waholoholo wa pwani ya Kalemie walimwona Spicer-Simson kama mungu, walitengeneza sanamu zake za udongo. Sisi tunasoma mambo kama hayo kwa akili. Mtu mwenye sketi na tatuu, anayeoga mbele ya watu, anatazamwa. Kutazama si kuabudu. Na mchongaji wa Kiafrika anaweza kutengeneza sanamu ya mtu ili amcheke. Tangu zamani, kwetu, mzungu wa ajabu anapata jina la kumchekesha kabla hajamaliza wiki moja kijijini.

9. Mwisho

Wengine watasema: hayo ni mambo ya wazungu, yana faida gani katika kitabu cha desturi zetu? Tunajibu kwa sababu mbili.

Ya kwanza, kubeba na kuvuta ni desturi yetu pia. Wimbo wa kuvuta mtumbwi, sauti ya kapita anayehesabu ili mikono yote ivute pamoja, namna ya kusuka kamba, namna ya kuweka kata kichwani ili mtungi usimwagike: hizo ni elimu, na bila elimu hizo Mimi na Toutou zingebaki Fungurume mpaka kuoza. Tukiandika juu ya nyavu za Wagenia, tuandike pia juu ya kamba.

Ya pili ni ya uchungu zaidi. Watu wa Kisangani wanajua maana ya vita ya wageni juu ya nchi yako. Kutoka tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana hapa mjini kwa siku sita. Mabomu zaidi ya 6.600 yalianguka juu ya nyumba zetu, na Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022 mahakama ya kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa mambo ya vita ile. Ili kufika mahakamani ilibidi kuwe na maandishi: nani alikufa, wapi, siku gani. Anayeandika majina anaweza kudai. Asiyeandika anaambiwa lete ushahidi.

Kwa wapagazi wa 1915 hakuna mahakama, na hatudai pesa. Lakini katika familia za Ubundu, Kindu, Kabalo na Bukama bado kuna watu wanaosema « babu ya babu yetu alikwenda Tabora ». Tunaomba kila mwalimu awape wanafunzi kazi moja ya nyumbani: muulize mzee, andika jina, andika kijiji, andika alibeba nini. Karatasi moja inatosha. Tukusanye karatasi hizo, chama chetu kizitunze.

Siku ile darasani tulimjibu mtoto yule kwa maneno mafupi: walikuwa watu kama wewe. Akauliza tena: « Majina yao, Mwalimu? » Bado tunatafuta.